Neno Nililolisahihisha

Kazi yangu ni kusahihisha. Nimeifanya miaka mingi kiasi kwamba hata tangazo la msiba likibandikwa ukutani kwa jirani, jicho langu hutafuta kwanza kosa la ngeli kabla sijajua aliyekufa ni nani. Wanafunzi wananiita Kalamu Nyekundu, wanadhani sijui. Basi Jumatano iliyopita nilikuwa nimekaa na rundo la insha za kidato cha nne, simu ikatoa mlio wa ujumbe, namba ya Kongo nisiyoifahamu. Nikaufungua huku naendelea kupiga mistari. Ilikuwa sauti ya mwanamke, imechoka, na nyuma yake watu wanaimba wimbo wa kanisani. "Dada Mwalimu, ni miye Nsimire, mutoto wa Maman Nabintu wa Kadutu. Mama alitutoka dimanshi. Tulishamuzika. Minakuambia weye ju alikupendaka sana." Dimanshi, yaani Jumapili, siku tatu nyuma. Nikaweka kalamu chini. Maman Nabintu ndiye aliyenilaza na kunilisha mwaka mzima nilipokuwa Bukavu. Nsimire ni binti yake, na hakuwahi kunitumia neno hata moja kwa miaka kumi na saba. Sikumtarajia. Mle nyumbani mwa mama yake nilifanya kosa, kisha nikalificha, na kulificha ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Ngoja niliseme kama lilivyokuwa, maana nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nasomea Kiswahili chuo kikuu, na kama unatujua watu wa Tanga umeshajua nilivyokuwa najiona. Kulikuwa na mpango wa wanafunzi kwenda kujitolea nchi jirani. Nikaomba, nikapelekwa Bukavu, kwenye zahanati ndogo ya parokia huko juu Kadutu. Tulikuwa wageni watatu. Wawili walitoka Ulaya, na kila mmoja akapewa mkalimani wa kutembea naye. Mimi sikupewa. Padri aliyetupokea alicheka tu: "Huyu hapana lazima. Huyu njo Kiswahili yenyewe." Njo kwao ni ndiyo. Hakyanani nilifurahi, nikatembea kifua mbele wiki nzima. Leo naona wale wawili ndio waliotendewa haki. Walijulikana kuwa hawajui, na wenyewe wakajua hawajui, wakawa wanauliza. Mimi niliachwa nijidanganye.

Maman Nabintu alikuwa mjane, anauza sambaza sokoni, vile visamaki vidogo vya ziwani vinavyopimwa kwa kikombe. Kufika kwake ulishuka ngazi za udongo zilizochongwa kwa jembe, ukapita katika nyua mbili za watu ukisalimia, ukainamisha kichwa mlangoni. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vyeupe vya kufuma, na kalenda ya parokia ya mwaka uliopita ambayo hakutaka kuitoa kwa kuwa picha yake ilimpendeza. Chumba changu na chake vilitenganishwa na mbao tu, nyembamba, zenye nafasi katikati. Alipogeuka kitandani nilijua, alipokohoa nilijua, na alipozungumza na jirani nilisikia kila neno na kulisahihisha kimoyomoyo. Dirishani kwangu, kati ya mabati mawili, kilionekana kipande cha ziwa upana wa kanga. Tulikula pamoja kwenye sinia moja, bugali wa muhogo unaonata, sombe, kisamvu chao, iliyotwangwa asubuhi, sambaza wa kukaanga waliobaki sokoni. Siku za kwanza bugali ule ulinishinda, nikawa naumega kidogokidogo. Aliniona. "Kula, weye! Utarudia kwenu mifupa tu, mama yako aseme Kadutu hatuna chakula." Akanisogezea wale sambaza wakubwa, yeye akabaki na vichwa.

Jina la Mwalimu alinipa siku ya tatu, kwa kunitania. Alisema, "Maji iko moto, enda uoge." Nikamwambia, "Maman, husemi maji iko moto. Unasema maji ni ya moto." Akaniangalia mimi, akaangalia sufuria, akatumbukiza kidole. "Na sasa moto imeongezeka?" Alicheka mpaka akashika kiuno. Jioni jirani alipokuja kuomba chumvi akamwonyesha mimi: "Huyu Kiswahili yake iko sawa nguo ya kupiga pasi. Mutu anaogopa kuikalia." Nami nikacheka, nikadhani ni sifa. Sikuacha. Nilisahihisha nyimbo za watoto, nilisahihisha sala ya kubariki chakula. Siku moja nikalisahihisha kwa wino mwekundu tangazo la mlangoni pa zahanati, lililosema chanjo ya batoto iko lundi. Nikaandika vizuri, chanjo ya watoto hutolewa kila Jumatatu. Papa Mugisho, muuguzi mkuu, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, akasoma akatikisa kichwa. "Merci, Mwalimu. Iko muzuri sana. Sasa hakuna mutu atakuya." Na kweli, kina mama wanne walikuja Jumatano na watoto wao mgongoni. Kwao siku zinahesabiwa, lundi ni siku ya kwanza, Jumatano ni siku ya tatu. Wameona "tatu," wamekuja siku ya tatu. Watoto wale walirudi bila chanjo. Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi niliwaambia wao wajifunze.

Kulikuwa na msemo mmoja niliousikia kila mahali, sokoni, bombani, kwa vijana wa pikipiki: maisha iko nguvu. Mwanamke anashusha beseni kichwani, anajifuta jasho, anasema, maisha iko nguvu. Nilivutiwa nao, jamani, nikavutiwa sana. Nikamwandikia mhadhiri wangu barua ya kurasa tatu kwamba watu wa huku, pamoja na shida zao zote, hawakati tamaa; wanasema maisha yana nguvu. Sikumuuliza mtu maana yake. Ningemuulizaje? Kilikuwa Kiswahili.

Zahanatini kazi yangu ilikuwa daftari, wao walisema kaye. Wagonjwa walikuwa wengi na Papa Mugisho alikuwa mmoja, kwa hiyo kila asubuhi nilipita kwenye mabenchi nikimuuliza kila mtu ana nini, nikaandika mstari mmoja. Papa Mugisho alisoma mistari ile kabla ya kuita mtu. Aliyeandikwa kuwa na hali mbaya aliitwa mbele, mwenye nafuu alisubiri. Aliniambia siku ya kwanza, "Miye nasomaka kile unaandika. Sina macho ingine pale inje." Nilijivunia hati yangu. Nilijivunia pia kwamba sikumpendelea mtu. Watu waliponiona ninaishi Kadutu walianza kunipitia nyumbani waandikwe mapema, nami nikawarudisha wote, kila mtu na benchi lake. Haki bin haki.

Mwezi wa sita wa kukaa kwangu, alasiri moja ya mvua, Nsimire akafika kutoka Idjwi alikoolewa, kisiwani huko, ana mtoto wa miezi saba mgongoni. Jina la mtoto lilikuwa Asifiwe. Nsimire tulilingana umri, msichana mpole wa kuongea akiangalia mikono yake. Alisema mtoto ana kikohozi tangu juzi, ziwa lilichafuka, mitumbwi haikutoka. Maman akamvua nguo zenye maji, akampikia uji, wakaingia chumbani kwao. Kupitia mbao nilimsikia mtoto anavyopumua, kwa sauti, hmm, hmm, hmm, kama mtu mzima anayepandisha mlima. Nikalala usingizi wangu.

Asubuhi nilikuwa mlangoni, mkate mkononi, Maman akanishika mkono wa gauni. "Mwalimu, weye unatangulia. Umuambie Papa Mugisho: mutoto wa Nsimire, kupumua iko nguvu. Umuandike ye wa kwanza. Tunakuya nyuma." Nakumbuka neno kwa neno. Kumbe nimelibeba maisha yangu yote neno nililokataa kulibeba kwa dakika kumi za njia. Kupumua iko nguvu. Moyoni nikasema, haya, mtoto anapumua kwa nguvu zake, na hata mimi nimemsikia, sasa wa kwanza kwa lipi? Maman naye anataka upendeleo kwa kuwa nalala kwake. Ikaniuma kidogo kwamba hata yeye. Nikamwitikia, "Sawa, Maman," nikapanda ngazi. Papa Mugisho alikuwa na mgonjwa ndani, nikachukua kaye nikaandika kwa hati yangu nzuri: Asifiwe, miezi saba, kikohozi siku mbili, anapumua vizuri, ana nguvu. Sikumwandika wa kwanza. Nilimwandika pale zamu yake ilipoangukia, baada ya waliofika kabla yake.

Nsimire alifika saa mbili. Maman alimsindikiza hadi lango akashuka sokoni na beseni lake, kwa sababu samaki hawasubiri, na kwa sababu alijua nimeshawaandika. Nsimire alikaa mwisho wa benchi, mtoto amemlaza kifuani ndani ya kitenge. Nilipita mara mbili. Mara ya kwanza akaniuliza, "Bado, dada?" Nikamwambia, "Bado kidogo, kila mtu na zamu yake." Akasema, "Sawa." Mara ya pili hakuuliza, aliniangalia tu, nikamwekea tabasamu. Hakupiga kelele. Kwa nini apige kelele? Mama yake alikuwa amemwambia dada Mwalimu ameandika. Saa tano kasoro bibi mmoja aliyekaa karibu naye akafunua kitenge, akapiga yowe. Papa Mugisho alitoka mbio, akambeba mtoto mikononi, mlango ukafungwa. Ulipofunguliwa alikuwa amevua miwani. Nsimire aliyaona macho yake, akakaa chini sakafuni palepale, taratibu.

Papa Mugisho aliniita ndani alasiri, watu wameondoka. Kaye ilikuwa wazi mezani, kidole chake kwenye mstari wangu. "Nani alikuambia anapumua vizuri?" Nikamwambia, ni bibi yake mwenyewe, amesema kupumua iko nguvu. Akasema polepole kama anayemfundisha mtoto, "Nguvu, kwetu, ni difficile, ile nyinyi munaitaka ngumu. Kupumua ilikuwa difficile. Alikuambia mutoto hapumui." Kisha akasema kile ambacho mpaka leo kinaniamsha: "Ungeniletea neno yake vile alisema. Miye ningesikia." Nikalia. Hakuninyamazisha. Nilipomuuliza nimwambieje Maman, alifunga kaye. "Ukimuambia, nyumba itavunjika. Ukinyamaza, utaumia weye moja. Chagula." Nikachagua kunyamaza. Kunyamaza huko nikakuita huruma, nikasema moyoni, mwenye msiba haongezewi msiba. Lakini ukweli wa Mungu niliogopa, niliogopa kufukuzwa, niliogopa lile sinia moja. Na Papa Mugisho, mtu mwema, alikosea hesabu. Sikuumia mimi peke yangu.

Siku tatu nyumba ilijaa. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka, viti vilitolewa nje, wakaimba, wakapika maharagwe kwenye masufuria ya kuazima. Mimi niliosha vyombo, niliosha kama mtu aliyelipwa. Siku ya tatu, mchana, mvua inapiga mabati, nilikuwa naingiza rundo la sahani jikoni nyuma, nikamsikia Maman ndani, anaongea na Nsimire. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Ulikuwa unangoja nini kule Idjwi? Siku mbili! Mutoto anakufa mu mikono, weye unaangalia maji?" Nsimire akasema, "Mama, mawimbi ilikuwa mingi. Mitumbwi ilikataa." "Ba mama bengine balivuka. Mwalimu alituandika wa kwanza, Papa Mugisho alifanya yote, lakini ulimuleta mutoto ameisha. Ni weye njo ulimuua." Nilikuwa hatua tatu kutoka walipo. Nsimire ameinamisha kichwa, anaangalia mikono yake; zile saa tatu za benchi hakuzitaja. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na Kiswahili chote cha dunia kinywani mwangu siku ile, methali, misamiati, ngeli zake zote. Nikasema, "Maman, sahani niziweke wapi?"

Akanionyesha rafu. Nikaziweka.

Nsimire aliondoka kesho yake kwa boti ya asubuhi, hakuaga mtu. Mwaka ulibaki miezi sita na hakurudi hata Noeli. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, na mwenyeji wangu akapoteza mjukuu na binti kwa wiki moja. Maman hakunifukuza. Aliendelea kunisogezea sambaza wakubwa, na mbele ya majirani alikuwa akiniwekea mkono begani: "Huyu alijaribu. Huyu alituandika wa kwanza." Mara ngapi nilitaka kusema! Nilikuwa najipanga njiani, natunga sentensi, nazipiga msasa, nafika mlangoni nazikuta hazitoshi. Niliacha kusahihisha watu. Maman alitambua, akaniuliza kama naumwa. "Uko unaongea sawa siye sasa," akasema, na akafurahi. Siku ya kuondoka alinipa kitenge kipya, na mahali pa Nsimire kwenye hadithi za nyumba ile palikuwa pameshazibwa. Hakumtaja. Nami nilikula, nikashukuru, nikapanda gari.

Miaka yote hiyo nilimpigia Maman sikukuu kwa sikukuu. Tulizungumza mvua, bei ya samaki, mashaka ya Kivu yasiyokwisha, magoti yake. Kila mara niliuliza, "Na Nsimire?" na kila mara akajibu lilelile: "Iko kule Idjwi. Hatuongeaka." Ningeweza kusema palepale. Simu haina macho, ingekuwa rahisi kuliko jikoni. Nilikuwa najiambia amezeeka, ya nini kumsumbua. Mtu akishazoea kunyamaza hupata sababu mpya kila mwaka, na zote zina adabu nzuri.

Basi Jumatano ile nilimjibu Nsimire kwa maandishi, pole ndefu, iliyonyooka, haina kosa. Hazikupita dakika tano akatuma sauti nyingine, na sasa analia. "Dada, miye nilikuya na mutumbwi, nilikuta banamaliza kumuzika. Hakuniita. Mpaka kufa hakuniita. Weye uliishi na ye, niambie tu kweli. Alinisamehe ju ya mutoto?" Nikazisogeza insha pembeni. Nikafunga mlango. Nikabonyeza pa kurekodia, na sikutunga chochote. Nilimwambia kila kitu, la mlangoni asubuhi, la kaye, neno la mama yake na nilivyoligeuza, alivyosema Papa Mugisho. Nikamwambia kwamba nilisimama na sahani nikasikia anaitwa muuaji. Nikamwambia, "Hukuchelewa, Nsimire. Ulimfikisha mtoto yuko hai, akakaa hai kwenye benchi karibu saa tatu. Aliyemchelewesha ni mimi. Mama yako hakuwa na la kukusamehe, alikuwa na la kukuomba, na mimi ndiye niliyemnyima." Nilikuwa nalia nikapaliwa, na sikuirudia kuirekodi upya. Nikaituma vile ilivyo.

Alama mbili zikageuka bluu. Siku ile kimya. Siku ya pili kimya. Nilisahihisha insha mbili tu, sikumbuki zilisema nini. Siku ya tatu, mchana, sauti ikaja. Hakuwa analia tena, wala hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa na ningekubali kila neno.

"Dada, leo tulikuwa tunamaliza kilio. Niliweka simu ku meza, mu katikati ya nyumba, nikafungua sauti yako yote. Batonton, bandugu ba Mama, bajirani, bale bote balikuwaka banasema niliua mutoto wangu. Bote balisikia mpaka mwisho."

Nikadhani amemaliza.

"Ni Mama tu njo hakusikia."